Herufi Yangu Iko Wapi

Mvua ya Blaenau haina haraka,
inanyesha kama kibarua anayelipwa kwa saa.
Niko jikoni. Chai imepoa.
Nasoma ujumbe wa mgeni kutoka Tartu:

*Samahani kukusumbua. Kwetu Z haikai mwisho.
Inakaa baada ya S, kabla ya T.
Sisi ni akina Zirnask. Kwenye orodha ya zahanati
programu yako imetutupa nyuma ya watu wote,
na mama yangu hawezi kusimama muda mrefu.*

Nilianza kwa hasira ndogo tu.
Kwetu Ll ni herufi moja,
si L mbili zilizogongana njiani,
ni pumzi inayopenya pembeni mwa ulimi,
na mahali pake ni baada ya L zote kwisha.
Kompyuta ya shule haikujua. Ikaniweka mimi, Lleucu,
mbele ya Lowri, aliyenitangulia tangu chekechea,
naye akanitazama kama mwizi wa foleni.

Nilipokua nikaandika mistari arobaini na mitatu
ya kuyapanga majina yetu yanavyotaka.
Nikaiacha wazi: atakaye achukue,
atakayeona kosa alitengeneze.
Wenyewe huita maktaba, kitu kama hicho,
ingawa hakina rafu,
na ukikohoa hakuna wa kukukemea.

Wakaja.
Þórunn wa Akureyri, na herufi yake yenye jina la mwiba.
Efraín Ñauta wa Cuenca, miaka kumi na sita,
hakunijulia hali, alituma kiraka tu:
mstari mmoja. Nikausoma mara tatu
kama anayepapasa mshono gizani.
Haukuwa na fundo hata moja.
Nikaupokea, kisha nikakaa nikiutazama,
kwa sababu mimi ningetumia mistari tisa.

Likaja na jengo la vioo, kampuni nisiyoitaja,
inayoipanga dunia nzima kwa mistari yangu
na haijawahi kuninunulia hata andazi.
*Imevunjika*, waliandika. *Tengenezeni leo.*
Tengenezeni!
Huo wingi niutoe wapi?
Niko na paka, naye hajui kuandika.

Lakini nisijifanye mtakatifu.
Toleo la nne nukta mbili nililitoa usiku, na usingizi machoni,
likaivuruga daftari ya wafuga nyuki wa Tolmin
siku yao ya uchaguzi.
Mwenyekiti akaitwa wa mwisho kwenye mkutano wake mwenyewe.
Niliomba radhi kwa lugha nisiyoijua.
Wakanitumia asali. Sijaifungua,
iko dirishani, inanitazama ninapofanya kazi.

Baba alikuwa fundi wa mapaa,
vigae vya jiwe la mlima huu huu.
Nilimuuliza siku moja, nikiwa chini ya ngazi,
paa la kanisa litakwisha lini.
Alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni.
Tukaiokota pamoja kwenye nyasi,
mmoja mmoja, mpaka giza likaingia,
na hakunijibu.

Efraín sasa ana miaka ishirini na miwili.
Juzi nimempa ufunguo.
Hatujawahi kuonana; sauti yake siijui;
najua tu kwamba huacha nafasi moja baada ya mkato
na kwamba hakasiriki kabla ya saa sita mchana.

Usiku huu ni zamu ya Z.
Naihamisha. Majaribio mia tatu na kumi yanapita,
moja linagoma: nilimsahau Š, jirani yake.
Namsogeza. Yote yanapita.
Kwenye maelezo ya toleo naandika:
*Z ya Kiestonia imerudi mahali pake. Shukrani kwa Zirnask.
Mama asimame karibu na mlango.*
Nafuta sentensi ya mwisho.
Nairudisha.

Natuma.

Tone.
Nainua macho: dari yangu mwenyewe, binti wa fundi,
pale pale pa mwaka jana.
Naweka sufuria chini yake.
Ujumbe mwingine umeingia, kutoka Sibiu,
unaanza na *Samahani*.